Nilivyowachongea Kozi wa Mnarani

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, saa kumi na dakika ishirini jioni. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuichungulia kwenye simu ya Mama, nione tutaondoka lini. Ilikuwa zamu ya jumuiya yetu kufanya usafi kanisani. Wanawake walikuwa ndani wanadeki huku wanaimba, na kila aliyenipita alikuwa na neno lake. "Binti, ulimi umeuacha nyumbani?" "Huyu akiolewa, mume atadhani kaoa picha." Wanacheka, hawana ubaya. Lakini maneno ya namna hiyo hunikaa mwilini kama upupu. Nikachukua ufagio, nikaenda nyuma ya mnara wa kengele, ambako hakupiti mtu.

Nikafagia. Manyoya yakashuka pale pale nilipokwisha kufagia. Nikafagia tena, yakashuka tena, ya kijivu, mepesi, yanazunguka kwanza ndipo yanatua. Mara ya tatu kikaanguka kitu chenye uzito kidogo karibu na ndala yangu. Kichwa cha njiwa. Jicho moja lilikuwa wazi.

Nilitaka kupiga kelele, ila sauti yangu haina mazoea ya kutoka. Nikainua macho tu.

Chini ya dirisha la kengele kuna ukingo wa saruji, upana wake kama benchi. Pale alisimama ndege, amekanyaga kiwiliwili cha njiwa, anakinyonyoa. Mgongo rangi ya wingu la mvua, kifua cheupe chenye mistari ya kulala kama ya daftari, na chini ya macho michirizi myeusi, kama mtu amempaka masizi kwa kidole gumba. Akaacha kunyonyoa, akanitazama. Watu wakinitazama huwa naangalia chini. Huyu nilimtazama mpaka shingo ikauma, mpaka Mama akaita kwamba tunaondoka.

Tangu siku hiyo sikutulia. Jumatatu nilizunguka kupitia kanisani kabla ya kwenda shule, nikachelewa mstarini, nikadekishwa darasa. Jumanne nikazunguka tena. Niliunguza maharage mara mbili wiki ile, na Mama akauliza kama nina mtu. Nikasema sina. Akaniangalia kwa muda mrefu, akageuza sufuria.

Kwetu Mpanda kila ndege mwenye mdomo wa ndoano ni mwewe, na mwewe ni mwizi. Habari imekwisha. Ndiyo maana mtaani kwetu Kawajense huwezi kuona kifaranga mweupe. Akitimiza siku tatu anachovywa kwenye rangi ya kupakia mikeka, ili mwewe akimwona kutoka juu adhani ni takataka. Kila nyumba ina rangi yake. Sisi pinki. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, zambarau. Bibi jirani, kijani. Kwa hiyo vifaranga wakichanganyika barabarani hakuna ugomvi, kila mtu anajua wa kwake.

Mimi sikuamini kama yule ni mwewe. Nilimchora nyuma ya daftari la Biolojia, halafu nikasahau kuchana ukurasa, daftari likaenda kusahihishwa. Nilipoona mwalimu wetu wa Biolojia anaingia na lile rundo, nilitamani nipite sakafuni. Lakini mwalimu, mama mmoja mpole ambaye huwa hapandishi sauti, hakusema kitu. Chini ya mchoro wangu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Huyu si mwewe. Mkia wa mwewe una panda, kama mkia wa samaki. Huyu ni kozi, anakamata ndege walio hewani. Umemwona wapi?"

Nikaandika chini yake kwa bluu: "Mnarani kanisani, Mwalimu. Wako wawili."

Wiki iliyofuata ikaja nyekundu: "Mjini? Huyu kawaida yake ni majabali. Nadhani mnara wenu kauona jabali. Endelea kuangalia."

Sijawahi kuongea naye kwa mdomo habari ya kozi. Yote tuliyazungumza kwenye daftari, na mpaka leo akinikuta koridoni ananiitikia shikamoo kama anavyowaitikia wengine wote.

Nikaendelea kuangalia, na kila jioni nikaandika kwenye kauntabuku langu, ambalo Mama anadhani ni la Jiografia. Mmoja, jike, mkubwa zaidi, alikuwa amelala ukingoni karibu muda wote. Dume ndiye mwenye kuwinda. Anapanda juu, juu sana, mpaka anakuwa doa, halafu anafunga mabawa. Wenzangu wanaosema ndege anaruka hawajaona kile. Kile si kuruka, ni kuanguka kwa makusudi. Juu ya mabati ya sokoni unasikia kama mtu amepiga kofi, unaona vumbi la manyoya, na njiwa hayupo tena kwenye kundi. Kisha dume anarudi akiita, kek kek kek kek, jike anatoka, na wanapokezana chakula hewani, bila kukidondosha. Nilikuwa nasimama pale na mkoba wangu mgongoni, moyo unanienda mbio, kama mimi ndiye niliyeshika.

Mwezi wa nane ulipoanza, moshi wa watu wanaochoma mashamba ukiwa umefunika mji mzima, jike akaanza kusimama na kuinama badala ya kulala. Siku tano nilihangaika kujua anainamia nini. Siku ya sita nikaona vichwa. Vitatu. Vyeupe, vinatikisika, kama pamba iliyoanza kutoka kwenye tumba lake.

Sikumwambia mtu. Nilimwandikia mwalimu tu: "Watatu." Akarudisha alama ya vema, kubwa, ukurasa mzima.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane jumuiya ilisali kwa mwenyekiti. Baada ya sala huwa kuna kipengele cha mengineyo. Likatangazwa kwanza la Askofu: anakuja mwezi wa kumi kutoa Kipaimara, kwa hiyo kanisa litapakwa rangi, ndani, nje na mnara. Kazi amepewa fundi wa jumuiya yetu, Msukuma mmoja mrefu anayecheka hata kwenye rozari. Halafu wakaanza kulalamika kuhusu vifaranga. Mwenyekiti alikuwa amepoteza kumi na mmoja tangu kiangazi kianze.

"Na rangi nimepaka mara mbili," akasema. "Hawa mwewe wa mwaka huu sijui wanatokea wapi."

Sijui nini kilinipata. Labda ni kwa sababu kwa mara ya kwanza liliulizwa swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo mimi peke yangu. Kwa wiki saba nilikuwa nimelibeba lile jambo kama mtu aliyebana maji mdomoni. Nikasikia sauti inasema:

"Wako juu ya mnara. Wana watoto watatu."

Mama akageuka taratibu kama aliyesikia kiti kinaongea.

"Kasema!" akadakia Bibi jirani. "Jamani, binti kasema!"

"Mpigieni makofi," mwenyekiti akaamuru. Wakapiga matatu, pa, pa, pa. Mimi nikatabasamu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilitabasamu.

Kisha mwenyekiti akamgeukia fundi. "Umesikia? Wezi wetu wanakaa nyumbani kwa Mungu."

"Nimesikia, mayu," fundi akajibu. Wazee wa kike wote huwa anawaita mayu, mama, kwa Kisukuma. "Juma lijalo nikipanda na brashi, nawashusha wote. Baba, mama na watoto. Nawapa notisi ya dakika moja."

Wakacheka. Nilitaka kusema si mwewe, ni kozi, hawali vifaranga wa watu. Mdomo ulikuwa umeshafungwa. Njia nzima Mama alinishika bega, anasema, "Umeona? Si ngumu kuongea," nami nikamjibu, "Ndiyo, Mama."

Siku zilizofuata sikukaa mahali pamoja. Nikikaa nasimama. Nikianza kusoma, najikuta nimechora mirunda na ngazi. Makinda walikuwa wameshaanza kuota manyoya ya kahawia katikati ya ule weupe, wanapigapiga mabawa wakiwa wameshikilia saruji, bado hawawezi. Hesabu ya mwalimu ilikuwa kwamba wanahitaji wiki mbili na zaidi kidogo. Fundi angepanda baada ya wiki moja. Tungewaona chini, watatu, pale pale ninapofagia, na ni mimi niliyewaonyesha.

Jumamosi Mama alikuwa anachovya vifaranga wapya. Mimi nashika, yeye anachovya. Mikono yake ilikuwa pinki mpaka kwenye viwiko, na kinyoya kimoja cha pinki kilikuwa kimenata kwenye paji la uso wake. Nikakiangalia kile kinyoya. Nikamwachia kifaranga, akaenda zake akidondosha rangi uwanja mzima.

"We vipi?" Mama akafoka.

Nilikuwa nimeona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu wakati wote. Kama kozi wanakula vifaranga wetu, chini ya mnara pangekuwa na rangi. Pinki, zambarau, kijani. Kozi hanyonyolei njiani, ananyonyolea pale pale ukingoni, na kila kitu kinashuka. Mimi nimefagia pale. Nimeona kijivu, nyeupe, nyeusi. Rangi sijaona.

Nikachukua salfeti tupu la mahindi. Tangu jioni ile nikawa naokota. Mabawa ya njiwa, mawili mawili, bado yameshikana kwenye kifua. Mkia wa tetere. Mbayuwayu. Bawa la popo, kavu, linafunguka kama mwavuli mbovu. Miguu myembamba ya ndege nisiowajua. Watoto wa mafundisho ya Kipaimara walinikuta wakasema dada kawa mchawi, mmoja akakimbia kweli. Nikaendelea kuokota. Nilipanga Alhamisi, jumuiya itakapokuja kusali kwetu, nitamwaga salfeti lote na kusema sentensi moja tu: hakuna rangi hata moja. Niliifanyia mazoezi chooni.

Jumatano jioni nikakiona.

Kilikuwa karibu na msingi wa mnara, kimebanwa kwenye ufa wa saruji. Kitita kidogo cha manyoya laini, na mguu mmoja wa kifaranga. Zambarau.

Niseme ukweli kwa kuwa hapa nasema ukweli. Wazo la kwanza lilikuwa kukichimbia. La pili lilikuwa upepo ndio umekileta, au mwewe wa kweli kakidondosha akipita, na huenda ndivyo, mpaka leo sijui. Nikakitupa kwenye nyasi, nikatembea hatua kama kumi, nikarudi. Nikakitafuta nikiwa nimepiga magoti, nikakiokota. Nikakitia kwenye mfuko wa sketi, siyo kwenye salfeti. Nilijiambia nitaamua kesho. Nadhani nilikuwa nimeshaamua kukificha, ila sikutaka kujisikia nikiamua.

Alhamisi walikuja wote. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, mkeka, mshumaa, Injili. Sikusikia neno. Yalipofika mengineyo nikaenda jikoni, nikaburuta salfeti, nikalimwaga katikati ya mkeka.

"Yesu na Maria!" Bibi jirani akavuta miguu. "Ndiyo nini hii?"

"Ni chakula cha wale wa mnarani," nikasema. Nilikuwa naongea na mkeka. "Si mwewe. Ni kozi. Mwalimu amesema. Wanakula ndege wanaoruka. Nimeokota siku tano. Njiwa. Popo. Hawa sijui. Mkiwashusha, watoto watakufa, bado hawajui kuruka. Naomba muwaache."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa maishani. Mama alikuwa ameshika mdomo.

Fundi akainama, akaokota bawa la popo, akalifungua na kulifunga. "Kumbe popo anakula huyu? Basi ana kazi ya maana. Mle kanisani wanatunyea."

"Ngoja kwanza," akasema mwenyekiti. Alikuwa anapekua lile rundo kwa kidole, kama anayechambua mchele. Alipekua mpaka chini. "Binti yangu, nataka kukuelewa. Unasema humu vifaranga hawamo?"

Ile sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni. Mkono ulikuwa mfukoni na ule mguu ulikuwa unanichoma kwenye kiganja.

"Yumo mmoja," nikasema. Nikamtoa, nikamweka juu ya mkeka mbele ya magoti yake.

Hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Wengine wanacheka, wengine wanasema si nilisema mimi, fundi anapiga paja. "Wakili kamuuza mteja wake! Jamani, nyie, mmeona kesi kama hii?"

"Rangi yangu," mwenyekiti akasema. Alikuwa amekishika kile kitita, anakigeuza. "Huyu ni wangu."

"Mwizi ni mwizi," akasema mtu nyuma.

"Mmoja!" Bibi jirani akapaza sauti. "Umepoteza kumi na mmoja, hapa yuko mmoja. Kumi wengine wamekwenda wapi? Si yule paka wako anayelala kwenye kiti cha wageni?"

"Paka wangu muache."

"Nimuache kwani nimemshika? Nilimwona kwa macho yangu na kijani changu mdomoni. Nikanyamaza, jirani, nikasema tusigombane."

"Ulimwona lini?"

"Pasaka."

Wakaelekea kugombana kuhusu paka, na mimi nikabaki nimesimama, sijui nimewaokoa au nimewamaliza. Mwisho mwenyekiti akainua mkono, wakanyamaza. Hakuniangalia kwa huruma. Aliniangalia kwa kuudhika, kama mtu aliyeuziwa kitu ambacho hakukihitaji na sasa hajui akiweke wapi.

"We mtoto, kwa nini umenionyesha?"

"Sijui, Mama Mwenyekiti."

"Ungenyamaza, nisingejua."

"Ndiyo, Mama."

Akapumua. "Fundi, utaanza ndani. Mnara utakuwa wa mwisho. Siku ngapi hizo?"

"Siku tisa, mayu. Jumamosi ya wiki ijayo lazima nipande, la sivyo Askofu atatukuta tuna mnara wenye mba."

"Siku tisa. Wakiwa wameruka, vizuri. Wakiwa bado, shauri yao. Na mimi nitahesabu vifaranga wangu kila jioni."

Siku tisa. Nilizipiga mistari kwenye kauntabuku kama wafungwa wanavyofanya ukutani. Nilikuwa nafika mnarani asubuhi na jioni, na nikiwa shuleni mwili uko darasani tu. Fundi ndani anapaka, harufu ya rangi inatoka madirishani, anapiga mluzi. Akiniona ananiuliza, "Wateja wako wanasemaje?" Nami nilikuwa najibu kwa vidole: watatu, watatu, watatu.

Siku ya sita mkubwa wao aliruka. Alikuwa amesimama pembeni anapiga mabawa kama kila siku, halafu pembeni pakawa hapana mtu. Alikwenda kutua kwenye mkaratusi ulio ndani ya uzio wa kanisa, tawi likayumba, akabaki ameng'ang'ania, anashangaa. Siku ya saba wa pili. Wazazi wakaanza kuwalisha huko huko mkaratusini. Yule wa tatu alibaki ukingoni anapiga kelele. Dume alikuwa anapita mbele yake na njiwa miguuni, karibu kabisa, bila kutua, kumtamanisha, na yeye anainama, ananyoosha shingo, anarudi nyuma. Ijumaa nilisimama pale mpaka magoti yakakakamaa. Nilikuwa namsema kwa sauti, mimi nisiyesema na watu. "Ruka basi. Hebu ruka, usinitie aibu." Hakuruka. Nilimjua yule. Alikuwa kama mimi kwenye mengineyo.

Jumamosi asubuhi mirunda ya kupandia ilikuwa imeshafungwa kuzunguka mnara mpaka juu. Fundi alikuwa chini anakoroga rangi kwa kijiti.

"Bado mmoja," nikamwambia.

"Nimemwona." Hakucheka. "Binti, mimi nimepewa siku. Nitaanza upande ule mwingine, huku nitamalizia. Zaidi ya hapo sina."

Akapanda. Ilipofika saa tano alikuwa amemaliza pande tatu, na yule wa tatu bado analia ukingoni. Fundi akahamia upande wetu. Hapo jike akatokea sijui wapi. Alishuka kutoka juu akapita sikioni kwake, fundi akapiga yowe, brashi ikaanguka. Akapita tena. Fundi akamwaga rangi iliyobaki, akavaa ndoo kichwani, akashuka hivyo hivyo akipapasa mirunda kwa miguu, rangi ya maziwa inamtiririka shingoni, na wanakwaya waliokuwa wanafanya mazoezi wakatoka wote kuangalia. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi nilicheka. Kwa hiyo sikuona.

Nilipoinua macho ukingo ulikuwa mtupu.

"Kaenda wapi?" nikauliza. Hakuna aliyejua. Mmoja alisema ameona kitu kikianguka upande wa sakristia, mwingine akasema kimepita juu ya mabati kikielekea majumbani, chini chini, kinapigapiga. Nilizunguka uzio wote. Nilitazama mtaroni, nyuma ya matanki, chini ya mkaratusi. Wenzake wawili walikuwa pale juu, wazazi pia. Yeye hakuwepo. Nilitafuta mpaka jua likazama, na Mama alikuja kunichukua mwenyewe.

"Ameruka, si ndicho ulichotaka?" akasema.

Kuruka na kuanguka nilikuwa nimeshajifunza tofauti yake, na sikujua yeye alifanya lipi.

Kesho yake, Jumapili, niliamka kabla ya Mama, nikafunga kanga kiunoni, nikaanza na nyumba ya kwanza kutoka uzio wa kanisa. Hodi. Mimi, ambaye nikitumwa chumvi huwa nasimama mlangoni mpaka mtu atoke kwa shughuli zake. Shikamoo, samahani, hamjaona ndege, kinda, wa kahawia, ana michirizi hapa? Nyumba ya kwanza hawajaona. Ya pili waliniuliza kama namtafuta wa dawa. Ya nne mtu alinijibu kutoka bafuni. Nikaenda hivyo mlango kwa mlango, sauti ikawa inazoea, mpaka nikafika kwa mwenyekiti. Pale niliogopa. Nikasema hodi mara tatu.

Alitoka na mswaki mdomoni. Hakuniacha nimalize. Alinishika mkono, akanipeleka uani. Banda la kuku lilikuwa wazi, ila kuku wote walikuwa wamejibana ndani kwenye kona moja, kimya kama wako kwenye mtihani. Katikati ya uwanja palikuwa na tenga limefunikwa, jiwe juu yake.

"Katua hapa jana mchana," akasema. "Hawa nao kutoka wamegoma mpaka leo. Nimempa ugali, hataki. Nimempa dagaa, ananiangalia tu, kama mimi ndiye mchafu. Paka alikuja kumchungulia, akatoka mbio, sijamwona tena." Akatema povu la dawa ya meno. "Sasa mtoe, nina misa."

Nikamfunika kwa kanga. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, na moyo wake ulikuwa unagonga mikononi mwangu kwa kasi ambayo sikujua moyo unaweza. Mwenyekiti akatembea mbele yangu mpaka kanisani, anawaondoa watu njiani kama polisi. Fundi alikuwa ameshavaa shati la misa, shingoni bado ana rangi. Alituona, akatazama mirunda, akatikisa kichwa.

"Mimi pale juu sirudi, mayu. Hata kwa Askofu."

"Siyo juu," nikasema. "Mpaka kwenye paa la kibaraza tu. Kutoka pale wazazi watamwona. Nishikieni ngazi."

Wakanishikia, fundi upande mmoja, mwenyekiti upande mwingine na kitenge chake cha Jumapili. Watu wa misa ya kwanza walikuwa wanatoka, wakasimama wakatazama. Nilipanda kwa mkono mmoja. Nikamweka juu ya bati, nikaondoa kanga taratibu. Alikaa, amevimba, ananitazama kwa hasira. Kutoka mkaratusini jike akaita. Yeye akageuza kichwa kule, akafungua mdomo na kulia kwa sauti mbaya kabisa, sauti ya mwenye njaa.

Nikashuka. Nikanawa mikono bombani, nikakung'uta kanga, nikaingia misa ya pili nimechelewa, nikakaa benchi la mbele kwa sababu ndilo lililokuwa na nafasi.